Uzito wa Maji

Nimekuwa fundi bomba miaka ishirini na mbili.
Tandika, Keko, Temeke Mikoroshini wananijua:
Kibwana wa spana nyekundu,
anayetega sikio ukutani
akakuonyesha penye uvujo kabla hujabomoa.
Leo naruhusiwa maji nusu lita kwa siku,
pamoja na chai, pamoja na mchuzi,
pamoja na ya kumezea vidonge.

Februari ya Dar haijui daktari kasema nini.
Jua linachemsha bati. Kijana wa madafu anapita na baiskeli,
panga lake ko, ko,
nami nageuza uso kama mdaiwa.
Dafu kwangu sasa ni sumu. Sista Anyelwisye kaniambia,
tena akaongeza ndizi, akaongeza machungwa,
na mchicha uchemshwe mara mbili, maji yamwagwe.
Nafyonza kibonge cha barafu
mpaka ulimi ufe ganzi.

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
saa kumi na moja alfajiri napanda mizani.
Kilo mbili na nusu zimeongezeka, zote maji.
Damu nzito kuliko maji, husema watu
ambao hawajawahi kupimwa.

Mashine inavuta, inachuja, inarudisha.
Kazi hii naijua: pampu, chujio, valvu,
kengele ikilia ujue hewa imeingia.
Mkono wa kushoto, walipounga mshipa kwa mshipa,
unavuma usiku na mchana.
Tausi, mke wangu, hulala ameuwekea kiganja,
kama anayesikiliza jenereta ya mbali
isije ikazima.

Kiti cha pembeni alikaa Mwalimu Lwitiko, wa hesabu.
Miaka mitatu, miezi minne, siku tisa,
alikuwa akiziandika kwenye kava la daftari.
Jumatano moja tukakuta shuka jipya.
Hakuna aliyeuliza.
Tulisalimiana tu, kwa sauti kubwa kidogo kuliko siku zote.

Hapa hakuna foleni ya namba.
Foleni yangu ni ndugu zangu.
Tulikaa kikao Mbagala, pilau ikapikwa,
wote wakasema: tuko pamoja.
Hemedi, damu yake haikukubali.
Mwinshehe kakutwa na sukari, hakuwa anajua;
tumekwenda kutafuta dawa yangu tukarudi na ugonjwa wake.
Sadiki hapatikani kwenye simu tangu Rajabu.
Simlaumu. Kuomba figo
si kama kuomba ngazi kwa jirani,
na hata ngazi mimi nimewahi kumnyima.

Aliyekuja ni Sikudhani, wa mama mdogo.
Kwa ajili ya kile kiwanja cha baba, Chanika,
hatujasemeshana tangu arobaini yake.
Alisimama mlangoni, viatu miguuni.
"Damu yako kundi gani?"
"O."
"Na mimi O."
Kisha akauliza choo kiko wapi.
Kupitia mlango wa bati nikasikia sauti
ambayo mwili wangu umeisahau, mwaka wa tatu huu,
nikaona wivu, Mungu nisamehe,
kabla sijaona shukrani.

Wamemtoa damu vichupa saba.
Vingine vimepanda ndege. Majibu wiki sita, labda nane,
halafu kamati, halafu pesa, halafu tena vipimo.
Kiwanja hatukitaji.

Jumamosi nilikwenda kwake, koki ya uani inavuja.
Nikabadilisha mpira, nikakaza, nikasubiri tone.
Halikuja.
Akaniletea maji, glasi imejaa, inatoka jasho;
akakumbuka, mkono ukasita hewani.
Akayanywa mwenyewe, polepole, akinitazama,
mpaka chini.
"Nakutunzia," akasema.

Nikafunga begi la vifaa.
Bado wiki tano.